Simu inaposema "kadi imeharibika": nani anautuma ujumbe huo, na ufanye nini kabla hujabonyeza

Unachomeka memori kadi kwenye simu. Sekunde chache zinapita, kisha ujumbe unatokea juu ya skrini kwamba kadi iko tayari. Siku nyingine, kadi ni ileile lakini ujumbe ni mwingine: kadi imeharibika, bonyeza hapa uiandae upya. Wengi wetu hubonyeza. Na kwa kubonyeza huko, picha za harusi, sauti ya babu aliyefariki na hesabu za kikundi za mwaka mzima zinaweza kupotea kabisa.

Ujumbe huo hautumwi na mtandao wa laini yako, wala hautoki kwenye kadi yenyewe. Unatokana na kazi ya programu ndogo iliyomo ndani ya simu, ambayo huwezi kuifungua wala kuiona kwenye orodha ya programu zako. Inaanza kazi simu inapowaka na haiachi mpaka simu izimwe. Katika makala haya tunaeleza programu hiyo ni nini, inafanya nini unapochomeka na kuchomoa kadi, na kwa nini ukiielewa unaweza kuokoa vitu ambavyo huwezi kuvinunua tena.

Mtunza ghala asiyeonekana

Simu janja nyingi hutumia mfumo wa Android, ambao umejengwa juu ya kiini cha Linux. Ndani ya Android, programu inayosimamia sehemu zote za kuhifadhia vitu inaitwa vold. Sehemu hizo ni hifadhi ya ndani ya simu, memori kadi, na hata fleshi unayoichomeka kwa waya.

Programu za namna hii, zinazofanya kazi nyuma ya pazia bila kusubiri mtu azifungue, wataalamu huziita dimoni, na herufi "d" mwishoni mwa jina vold inatokana na neno hilo. Jina lisikutishe, hakuna jini wala pepo ndani ya simu yako. Wahandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani walianza kulitumia miaka ya 1960. Walilikopa kutoka kwenye mfano wa mwanafizikia wa Uskoti, James Clerk Maxwell, aliyewaza kiumbe wa kufikirika anayechambua chembe moja moja bila kuchoka.

Sisi tunaona mfano ulio karibu zaidi na msikilizaji wetu ni mtunza ghala wa chama cha ushirika. Magunia yanapofika, yeye ndiye anayefungua mlango, anayakagua na kuandika kwenye daftari gunia lipi limewekwa wapi. Mkulima haingii ghalani mwenyewe na kujichukulia. Ndivyo ilivyo ndani ya simu. Programu ya muziki, ya picha au ya WhatsApp hairuhusiwi kuigusa kadi moja kwa moja. Ni vold inayofungua mlango, na ni vold inayoufunga.

Kinachotokea unapochomeka kadi

Vold haizunguki kila dakika kuangalia kama kuna kadi mpya. Ingefanya hivyo, ingemaliza chaji bure. Inatulia mpaka iamshwe. Unapochomeka kadi, hatua zinafuatana hivi:

1. Kiini cha Linux kinagundua kwamba kuna chombo kipya na kutoa taarifa. Vold inaamka.

2. Vold inasoma jinsi kadi ilivyogawanywa, na inatambua aina ya daftari lililomo. Kadi nyingi za hadi GB 32 hutumia aina iitwayo FAT32. Kadi kubwa zaidi kwa kawaida huja na exFAT, ambayo baadhi ya simu, hasa za zamani, haziisomi.

3. Kabla ya kufungua mlango, vold inaagiza ukaguzi. Kasoro ndogo hurekebishwa hapohapo.

4. Ukaguzi ukipita, kadi inaunganishwa na simu na kupewa mahali pake kwenye orodha ya mafaili.

5. Mwisho, vold inaujulisha mfumo wa simu. Hapo ndipo ujumbe unapotokea kwenye skrini, na nyimbo na picha zinaanza kuorodheshwa.

Huenda umewahi kuona kwenye kadi yako folda linaloitwa LOST.DIR, ukadhani ni virusi. Si virusi. Ukaguzi ukikuta vipande vya mafaili visivyo na mwenyewe kwenye daftari, vipande hivyo hukusanywa humo na kupewa majina ya namba tupu. Ni kama kapu la masalia pale ghalani. Wakati mwingine faili la humo ni picha nzima iliyopoteza jina lake tu, kwa hiyo usikimbilie kulifuta folda hilo kabla ya kulinakili kwenye kompyuta na kuangalia kilichomo.

Kwa nini kuchomoa ghafla kunaleta hasara

Unapopiga picha, simu haiandiki yote kwenye kadi papo hapo. Sehemu hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha huandikwa kadi inapopata nafasi. Skrini inaweza kukuonyesha picha imehifadhiwa, kumbe daftari la kadi bado linaandikwa.

Sasa fikiria mtunza ghala ameshika kalamu, ameandika nusu ya mstari, na mtu ananyakua daftari na kuondoka nalo. Magunia yapo, lakini hakuna anayejua lipi ni la nani. Hicho ndicho kinachotokea kadi ikichomolewa simu ikiwa inaandika. Mara nyingi picha zenyewe hazijafutika. Kilichovurugika ni daftari linaloonyesha zilipo.

Hifadhi ya ndani ya simu inavumilia zaidi. Mifumo yake ya kuandika imetengenezwa ili simu ikizimika ghafla iweze kurudi kwenye hali ya mwisho iliyokuwa sawa. FAT32 haina kinga hiyo. Ndiyo maana chaji ikiisha ghafla wakati unarekodi, kilicho kwenye kadi kiko hatarini kuliko kilicho ndani ya simu.

Hata sisi hapa kituoni yametukuta. Mwenzetu mmoja alirekodi kwa simu mazungumzo marefu na bibi mmoja kuhusu mbegu za asili za mtama na namna walivyokuwa wakizihifadhi zamani. Alipomaliza kurekodi alichomoa kadi mara moja ili aichomeke kwenye kompyuta. Faili lilikuwepo, jina lilikuwepo, lakini ukubwa wake ulikuwa sifuri. Tulirudi kwa yule bibi baada ya majuma kadhaa. Alizungumza tena kwa ukarimu, ila si kwa maneno yale ya mwanzo.

Kuna njia nyingine ya kuchomoa kadi ambayo wengi hawaijui kuwa ni kuchomoa. Kwenye simu nyingi, memori kadi na laini hukaa kwenye kitrei kimoja. Ukivuta kitrei ili ubadilishe laini upate bando la bei nafuu, kadi nayo imetoka. Anayebadilisha laini mara mbili kwa siku anainyakua kadi yake mara mbili kwa siku.

Namna ya kuiaga kadi

Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Hifadhi, tafuta jina la kadi, kisha chagua Ondoa. Kwenye simu nyingine utaona alama ya pembetatu yenye mstari chini yake. Subiri mpaka simu ikuambie kadi imeondolewa salama.

Ukibonyeza hapo, vold inamalizia kuandika kilichobaki, halafu inaangalia kama kuna programu ambayo bado imeshikilia faili la kwenye kadi. Ikiipata, kwanza huiomba iache. Isipoacha, huifunga kwa nguvu. Ndiyo maana wimbo unaopigwa kutoka kwenye kadi hukatika ghafla. Hakuna kilichoharibika, mtunza ghala amewatoa watu ndani ili afunge mlango.

Ukishindwa kuipata sehemu hiyo, zima simu kabisa, kisha utoe kadi au laini. Simu inapozimwa kwa utaratibu hufunga daftari yenyewe. Wenye simu za kitochi pia wafuate njia hii. Simu za batani zinazotumia KaiOS zina undugu na Android, kwa kuwa KaiOS ilitokana na mradi wa Firefox OS uliojengwa juu ya tabaka za chini za Android. Kitochi cha kawaida kina mfumo wake mwingine, lakini kanuni ya daftari ni ileile.

Ukiambiwa kadi imeharibika, usibonyeze kwanza

Hapa ndipo penye jambo kubwa la makala haya. Ujumbe wa kadi kuharibika una maana moja tu: vold imeshindwa kulisoma daftari. Haijasema kwamba picha zako zimekwisha. Lakini kitufe kinachofuata, kile cha kuiandaa au kuifomati kadi, kinaanzisha daftari jipya tupu, na kwenye baadhi ya simu kinasafisha kadi nzima. Baada ya hapo hata fundi hodari anaweza kushindwa.

Kabla ya kubonyeza chochote, fanya hivi:

Kwanza, zima simu, toa kadi, futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu, uirudishe. Vumbi na jasho peke yake vinaweza kuleta ujumbe huo.

Pili, ijaribu kwenye simu nyingine au kwenye kompyuta yenye kisoma kadi. Huenda kadi ni nzima ila simu yako haijui aina ya daftari lake. Hilo hutokea kwa kadi kubwa za exFAT, na kwa kadi zilizofomatiwa kwenye kompyuta kwa mtindo ambao simu haiujui. Huko nako ukiulizwa kama unataka kuifomati, kataa.

Tatu, ikisomeka popote pale, nakili kila kitu kwanza. Matengenezo yafuate baadaye.

Nne, isiposomeka popote, usiandike tena chochote juu yake. Ipeleke kwa fundi mwenye kompyuta na umwambie wazi: "Nataka mafaili, sitaki kadi ifomatiwe." Sema hivyo mapema, kwa sababu fundi anayeletewa kadi mbovu huweza kudhani unataka ifanye kazi tena tu. Zipo programu za bure za kutafuta picha na sauti bila kutegemea daftari, mojawapo ni PhotoRec. Mafaili yakirudi kwa njia hiyo hupoteza majina yake, lakini sura ya mtu ni ileile.

Kadi iliyofunga ndoa na simu moja

Tangu Android 6.0 iliyotoka mwaka 2015, baadhi ya simu hukuuliza unapochomeka kadi mpya: itumike kama kadi ya kuhamahama, au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani? Chaguo la pili linavutia kwa mwenye simu yenye nafasi ndogo, kwa kuwa hata programu zinaweza kuhamia kwenye kadi. Lakini ujue unachokubali.

Ukichagua hivyo, vold inaifuta kadi, inaiandaa upya, na inaifunga kwa msimbo wa siri. Ufunguo wa msimbo huo unabaki ndani ya simu, si kwenye kadi. Ukiipeleka kadi hiyo kwenye simu ya jirani au kwenye kompyuta, itaonekana kama imeharibika au iko tupu. Na simu yako ikitumbukia kisimani, ikiibiwa au ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, ufunguo umekwenda nayo. Kadi utakuwa umeishika mkononi, na picha hutaziona.

Ushauri wetu: kama kadi ndiyo akiba yako ya picha na kumbukumbu, iache iwe ya kuhamahama. Kama ni ya kuongeza nafasi ya programu tu, unaweza kuifunga na simu.

Ufunguo wa hifadhi ya ndani

Vold inashiriki pia kulinda hifadhi ya ndani ya simu. Android 7.0 ya mwaka 2016 ilileta njia ya kufunga kila faili kwa msimbo, na simu mpya zinazotoka kiwandani na Android 10 au zaidi ni lazima ziwe na ulinzi huo. Unaweza kuuona ukifanya kazi. Zima simu yenye namba ya siri, uiwashe, na kabla hujaingiza namba hiyo mwambie mtu akupigie. Mara nyingi utaona namba yake bila jina. Orodha yako ya majina bado imefungwa, na itafunguka ukishaingiza namba ya siri.

Hii ni habari njema simu ikiibiwa: mwizi anaweza kuifuta, lakini si rahisi asome vyako. Upande wa pili ni mchungu. Ukisahau namba ya siri, fundi anaweza kuifanya simu iwake upya ikiwa tupu, lakini kufutwa huko kunafuta na funguo, na yaliyokuwemo hayarudi. Anayekuahidi kufuta simu kisha kukurudishia picha kutoka humohumo anakula pesa yako.

Kazi ya usiku

Tangu Android 4.3 ya mwaka 2013 kuna kazi nyingine ya kimyakimya. Simu ikiwa imetulia, skrini imezimwa, na ina chaji ya kutosha au iko kwenye umeme, vold huipitia hifadhi ya ndani na kuiambia ni sehemu zipi hazitumiki tena, ili ziwe tayari kuandikwa upya. Bila usafi huo, uandishi unaweza kuwa mzito kadiri siku zinavyokwenda.

Wengi wetu huchaji simu kwenye kibanda cha sola ikiwa imezimwa. Simu iliyozimwa haifanyi usafi. Kama unaweza, mara mojamoja iache imewaka usiku kucha bila kuitumia, ikiwa na chaji.

Mtunza ghala naye aliwahi kudanganywa

Kwa kuwa vold ina mamlaka makubwa, kosa lake ni kosa zito. Mwaka 2011 iligundulika kwamba matoleo ya Android ya wakati ule yalikuwa na vold iliyoamini taarifa bila kuhakikisha zimetoka kwenye kiini kweli. Programu ya kawaida iliweza kujifanya mjumbe wa kiini na kujipatia mamlaka yote ya simu. Mbinu hiyo iliitwa GingerBreak, na baadaye mwaka huohuo wahalifu waliitumia kwenye programu yao iliyoitwa GingerMaster. Pengo lilizibwa katika toleo la 2.3.4, lakini simu ambazo hazikusasishwa zilibaki wazi. Kwa hiyo simu ikikuletea sasisho la mfumo, tafuta siku yenye bando na umeme, ulipokee.

Kuna udanganyifu mwingine ambao hauzuiwi na sasisho. Vold huiuliza kadi ina ukubwa gani, na huamini jibu. Kadi bandia huandikwa GB 128 na hujibu hivyohivyo, kumbe ndani ina GB 8. Mwanzoni kila kitu kinakwenda vizuri. Ukipita uwezo wake wa kweli, picha mpya hazifunguki, au za zamani zinaharibika. Kadi mpya ijaze kwanza kwa nyimbo au video usizozihitaji, kisha fungua zile za mwisho uone kama zinacheza. Zikikataa, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Kwa ufupi

Usichomoe kadi wala kitrei cha laini simu ikiwa imewaka bila kuiondoa kwanza kwenye Mipangilio. Ukiambiwa kadi imeharibika, acha kila kitu kama kilivyo, kisha ijaribu kwingine kabla ya kukubali kuifomati. Fahamu kama kadi yako ni ya kuhamahama au imefungwa na simu. Namba ya siri iandike mahali salama nyumbani, mbali na simu.

Na la mwisho halihusu vold hata kidogo. Mtunza ghala mwaminifu hawezi kukurudishia gunia lililoungua na ghala. Sauti ya mzazi, cheti cha mtoto ulichokipiga picha, daftari la kikundi: chochote usichoweza kukipata tena kikae sehemu mbili tofauti. Kadi ya pili ndani ya sanduku nyumbani inatosha. Iweke wiki hii, kadi ya kwanza ikiwa bado inasomeka.